Tukiite kiharusi cha onyo, si 'kiharusi kidogo'

Mijadala kuhusu istilahi za Kiswahili aghalabu huchukuliwa kuwa burudani ya wasomi waliokosa kazi ya kufanya. Kompyuta tuiite ngamizi au tarakilishi, husema wanaotukejeli, umeme ukikatika itazimika tu. Kejeli hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo, katika makala haya nanuia kuonyesha kwamba pako mahali ambapo neno lisilofaa laweza kumgharimu mtu uhai wake, au kumpokonya lugha yake angali hai. Neno ninalolikusudia ni 'kidogo', hasa tunapoliambatisha na kiharusi.

Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye shahada ya kwanza, ambaye amefundisha Kiswahili katika shule za upili kwa zaidi ya miaka ishirini, alikuwa darasani akieleza viambishi vya ngeli pale ulimi ulipomgomea. Alitaka kusema 'daftari' akasema 'dirisha'. Akajaribu tena, yakamtoka maneno yasiyo na mshikamano. Chaki ikamponyoka mkono wa kulia. Wanafunzi walicheka wakidhani mwalimu anafanya mzaha. Baada ya dakika kumi hivi alirejea hali yake ya kawaida, akamaliza kipindi, akaenda chumba cha walimu kunywa chai. Jioni alipita katika kituo kimoja cha afya. Akapimwa shinikizo la damu, akaambiwa kwamba huenda kilikuwa kiharusi kidogo na kwamba, kwa vile kimekwisha kupita, akapumzike arudi mwezi ujao. Mwezi haukutimia. Siku ya tisa aliamka mkono wa kulia ukiwa umepooza na usemi umetoweka. Leo anaelewa karibu kila anachoambiwa, lakini maneno anayoweza kuyatamka hayajai kiganja.

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu, ama kwa sababu mshipa umeziba ama kwa sababu umepasuka. Kile tunachokiita kidogo ni mzibo wa muda: tonge la damu iliyoganda hukwama katika mshipa wa ubongo, kisha huyeyuka au husukumwa mbele, damu ikapita tena, na mgonjwa akapata nafuu kabla ya madhara ya kudumu. Tofauti yake na kiharusi kamili ni muda, si chanzo. Mwizi aliyejaribu kitasa usiku akakurupushwa na mbwa si mwizi mdogo. Ni mwizi ambaye bado hajaingia.

Takwimu zinalithibitisha hili. Watafiti huko California, Marekani, waliwafuatilia watu 1,707 waliofika katika idara za dharura baada ya shambulio la aina hii, wakachapisha matokeo yao mwaka 2000. Katika muda wa siku 90, watu 180 miongoni mwao walipatwa na kiharusi kamili, na 91 kati ya hao kiliwapata katika siku mbili za mwanzo. Mtu anayeambiwa arudi mwezi ujao anaambiwa, pasipo yeyote kukusudia, auvuke peke yake wakati wa hatari kubwa kuliko nyakati zote.

Baadhi ya waandishi wamependekeza istilahi 'kiharusi cha mpito'. Ni bora kuliko 'kiharusi kidogo', kwani inataja muda badala ya ukubwa. Lakini nayo ina kasoro: kwa msikilizaji wa kawaida, lipitalo limekwisha. Pendekezo langu ni kwamba tuseme 'kiharusi cha onyo'. Neno 'onyo' humdai mtu ajibu, na jibu lenyewe ndilo linaloweza kumwokoa.

Onyo hilo hutoka wapi? Hutoka sehemu mbalimbali: moyo usiopiga kwa mpangilio, mishipa midogo ya ndani ya ubongo iliyochakazwa na shinikizo la damu, na mishipa mikuu ya shingo. Nitashughulikia zaidi hii ya shingo kwa sababu ndiko ambako elimu ya tiba imepiga hatua inayostahili kueleweka na umma.

Hapa tena lugha inatutega. Neno letu 'mshipa' limebebeshwa mzigo mzito mno. Mshipa ni ateri itoayo damu moyoni, ni vena irudishayo damu, ni neva ipelekayo hisia, na katika mazungumzo ya kawaida ni hata ule ugonjwa wa ngiri. Mtu akiamka na shingo iliyokakamaa baada ya kulalia mto vibaya husema mshipa wa shingo unamuuma. Ateri za shingo zinapougua kwa namna ninayoieleza hapa kwa kawaida haziumi. Ziko mbili kuu, moja kila upande wa koromeo, na ukiweka vidole hapo utahisi mapigo yake. Karibu na pembe ya taya kila moja hugawanyika panda: tawi moja huenda usoni na kichwani kwa nje, jingine huingia ndani kulisha jicho na sehemu kubwa ya ubongo. Wayunani wa kale walizipa jina linalotokana na neno lao la kupumbaa au kupoteza fahamu, kwa kuwa waliona mtu akikabwa hapo huzirai.

Penye panda, damu huzunguka-zunguka kama maji ya mto yanapogawanyika, na ukuta wa ateri hudhoofika. Kolesteroli hupenya chini ya ngozi ya ndani ya mshipa. Seli za kinga huja kuila, hushiba, hufa hapo hapo, na mabaki yao hurundikana. Mwili hujaribu kuufunika uchafu huo kwa utando wa nyuzinyuzi, na baadaye chokaa huweza kujijenga ndani yake. Mkusanyiko wote huu nitauita plaki. Jina lake la kitaalamu, ateroma, linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya uji. Waliolichagua hawakukosea, kwani plaki ikipasuliwa, kiini chake mara nyingi huonekana laini na kizito kama uji.

Sasa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kwa miaka mingi sote, madaktari na wagonjwa, tumeizungumzia hali hii kwa lugha ya bomba la maji: mshipa 'umeziba' asilimia kadha, kwa hiyo uzibuliwe. Lakini plaki ya shingo mara nyingi haileti kiharusi kwa kuziba njia taratibu hadi damu ikome. Huleta kiharusi kwa kupasuka. Utando wake ukiwa mwembamba na wenye uvimbe wa ndani, huchanika. Uji ukagusana na damu. Damu ikaganda juu ya kidonda. Na vipande vya mgando huo vikachukuliwa na mkondo hadi machoni au ubongoni. Wakati mwingine vishipa dhaifu vilivyoota ndani ya plaki yenyewe huvuja, plaki ikavimba na kuzidi kudhoofika. Plaki ya aina hii ndiyo ninayopendekeza tuiite 'plaki tete', kwa mfano wa wanahabari wanaposema hali ya usalama ni tete: imetulia kwa sasa, lakini haihitaji kishindo kikubwa. Mwenzake, plaki thabiti, ina utando mnene na chokaa nyingi. Yaweza kuwa kubwa kwa umbo na ikakaa miaka bila kumdhuru mwenyewe.

Utambuzi basi hauna budi kujibu maswali mawili: njia imebana kiasi gani, na je, plaki iliyopo ni tete au ni thabiti? Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi ya shingo, isiyotumia sindano wala mionzi. Hupima kasi ya damu, ambayo huongezeka penye mbano kama maji ya mpira unapobanwa mdomoni kwa kidole. Pia huonyesha sura ya plaki: yenye mafuta na damu nyingi huonekana nyeusi, yenye nyuzi na chokaa huonekana nyeupe. Skani ya CT pamoja na dawa ya kung'arisha mishipa huonyesha mbano na vidonda vilivyochimbika ukutani. Mashine ya MRI hupita zote kwa kuona damu iliyovujia ndani ya plaki, ukubwa wa kiini cha mafuta, na kama utando umechanika. Damu ndani ya plaki ni mojawapo ya ishara zenye nguvu zaidi kwamba kiharusi kinanyemelea.

Umuhimu wa swali la pili umedhihirishwa na utafiti mkubwa uliotangazwa Novemba 2025, unaojulikana kama CREST-2. Ulihusu watu ambao ateri ya shingo imebana kwa asilimia 70 au zaidi lakini hawakuwa wameonywa hivi karibuni na dalili yoyote kutoka upande huo. Wote walipewa dawa na uangalizi wa hali ya juu. Baadhi wakaongezewa stenti, yaani mrija wa wavu wa chuma unaopanua mshipa, na wengine upasuaji. Katika miaka minne, kwa upande wa stenti, janga lililokuwa likichunguzwa liliwapata asilimia 6.0 ya waliotumia dawa pekee na asilimia 2.8 ya waliowekewa stenti. Kwa upande wa upasuaji ilikuwa asilimia 5.3 dhidi ya 3.7, tofauti ambayo yaweza kuwa imetokea kwa sadfa tu. Wapo watakaosoma humo ushindi wa stenti, na hawatakuwa wamekosea. Lakini tuzisome takwimu hizo kutoka upande wa pili: kati ya watu 100 wenye mbano mkubwa waliotibiwa kwa dawa pekee, takriban 94 walimaliza miaka minne salama. Mbano pekee haukutosha kutuambia ni nani atakayepigwa. Ndiposa wataalamu wanazidi kuelekeza macho kwenye tabia ya plaki, ili tiba ya kisu au waya imwendee anayeihitaji na isimwendee asiyeihitaji.

Kwa aliyekwisha kuonywa, hesabu ni tofauti kabisa. Utafiti wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 wenye dalili na mbano wa asilimia 70 au zaidi, 26 waliotibiwa kwa dawa za wakati huo walipatwa na kiharusi upande huo katika miaka miwili, ilhali kwa waliopasuliwa walikuwa 9. Upasuaji wenyewe si mpya. Mwaka 1954, katika hospitali ya St Mary's mjini London, madaktari Eastcott, Pickering na Rob walimtibu mama mmoja aliyekuwa akipatwa tena na tena na mashambulio ya kupita. Walikikata kipande kilichougua, wakaziunga ncha zake, na mashambulio yakakoma. Siku hizi mpasuaji kwa kawaida huufungua mshipa, akaikwangua plaki, kisha akaushona.

Jambo linaloamua zaidi, hata hivyo, ni kalenda. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2004 ulibainisha kwamba upasuaji ukifanywa ndani ya wiki mbili baada ya onyo, kiharusi kimoja huzuiliwa kwa kila watu watano wanaopasuliwa; ukicheleweshwa kupita wiki kumi na mbili, watu 125 hupasuliwa ili kumwokoa mmoja. Utafiti wa Oxford wa mwaka 2007 nao ulilinganisha kliniki ya miadi na kliniki ya kutibu papo hapo. Katika kipindi cha kwanza asilimia 10.3 ya wagonjwa walipatwa na kiharusi ndani ya siku 90. Matibabu yalipoanza kutolewa siku ile ile, idadi ilishuka hadi asilimia 2.1. Hakukuwa na dawa ya ajabu iliyovumbuliwa. Zilikuwa dawa za kawaida: aspirini na jamaa zake za kuzuia damu kuganda, statini za kupunguza kolesteroli na kuituliza plaki, na vidonge vya shinikizo la damu. Kilichobadilika ni siku.

Msomaji atauliza, na ni haki yake: haya yanatuhusu nini Wakenya? Lazima niseme wazi kwamba ateri za shingo si chanzo cha viharusi vingi barani Afrika. Utafiti uliofanywa Nigeria na Ghana na kuchapishwa mwaka 2018 uliliweka shinikizo la damu mbele ya visababishi vingine vyote. Hapa nchini, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa. Kwa hivyo siidai serikali inunue mashine ya MRI kwa kila kata. Ninachodai ni kidogo zaidi, na kwa sababu hiyo hakina kisingizio.

Kwanza, kila aliyepatwa na kiharusi cha onyo ahesabiwe kuwa mgonjwa wa dharura siku hiyo hiyo, hata kama amefika akitembea na kucheka. Sheria iliyoleta Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo ilichukua mahali pa bima ya awali Oktoba 2024, iliunda hazina maalumu ya dharura na magonjwa sugu. Yafaa ibainishwe bila utata kwamba mgonjwa huyu ni wa hazina hiyo, kabla hajapooza. Pili, mashine za ultrasaundi, ambazo wengi wetu tunazihusisha na akina mama wajawazito tu, zitumiwe pia shingoni, na wahudumu wafunzwe kuzisoma. Tatu, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa rasmi Septemba 2023 wakiwa na mashine za kupima shinikizo la damu, wafundishwe kuuliza swali moja la ziada: je, umewahi kupotewa na maneno, au nguvu za mkono, au kuona kwa jicho moja, hata kwa dakika chache?

Swali hilo linanirudisha katika taaluma yangu. Mgonjwa wa kiharusi cha onyo anapofika kwa daktari, mara nyingi hana tena cha kuonyesha. Mkono una nguvu, uso uko sawa. Kilichobaki ni masimulizi. Mwaka 1951, daktari Miller Fisher wa Kanada alisaidia kuihusisha shingo na kiharusi kwa kuyasikiliza kwa makini masimulizi ya aina hiyo, yakiwemo ya watu waliopofuka jicho moja kwa muda kisha baadaye wakapooza. Jicho huathirika upande ule ule wa ateri mbovu, mkono na mguu upande wa pili. Mgonjwa akisema pazia lilishuka juu ya jicho lake la kushoto kisha likapanda, amemwonyesha daktari pa kutazama. Lakini ni nani atakayeyapokea masimulizi ya nyanya wa Kitui asemaye Kikamba tu, ikiwa fomu ni ya Kiingereza na mkalimani ni mjukuu mwenye haraka?

Isitoshe, dalili yenyewe mara nyingi ni ya lugha. Mwaka 1861 Paul Broca alimweleza mgonjwa wa Paris aliyeelewa aliyoambiwa lakini akabaki na silabi moja kinywani. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza kinyume chake: watu wanaosema kwa ufasaha maneno yasiyo na maana. Maeneo yote mawili ya ubongo hulishwa na mkondo unaotokana na ateri ya shingo, kwa watu wengi ile ya kushoto. Huyu wa pili ndiye anayeonewa zaidi katika jamii zetu: huambiwa amelewa, amerogwa au amepandwa na majini, akapelekwa kusikokuwa na msaada wakati saa zinamwishia.

Walimu ndio watu wanaosikiliza lugha kutwa nzima. Mtaala wa umilisi unasisitiza stadi zinazomfaa mwanafunzi maishani, na sijui stadi inayomfaa kuliko hii. Mtoto ndiye aghalabu aliye karibu na babu yake nyumbani. Afundishwe maneno manne: uso, mkono, usemi, upesi. Mwambie atabasamu, uone kama upande mmoja wa uso umelegea. Mwambie ainue mikono yote miwili. Mwambie arudie sentensi fupi, na sentensi hiyo iwe katika lugha aliyonyonya nayo, si Kiingereza cha bango la hospitali. Lolote kati ya hayo likikosa, hata likirudi sawa baadaye, mpeleke hospitali upesi, uandike saa lilipoanza. Usimpe aspirini kwa kubahatisha, kwani kiharusi cha mshipa uliopasuka chaweza kufanana na cha mshipa ulioziba, na ni daktari na skani watakaovitenganisha.

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Katika mkutano wenu ujao wa walimu, ombeni dakika tano tu kabla ya ajenda ya mitihani. Waambieni wenzenu kwamba mwalimu akipotewa na maneno ubaoni kisha akayapata, kipindi kimalizwe na mwingine. Yeye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asindikizwe na mtu aliyeona, ili awepo wa kusimulia.